Rejista za chuo chetu zililala kwenye friza ya samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua ukurasa huo ni wa barua fupi. Hii nimejaribu kuifupisha mara mbili nikashindwa. Ukilazimika kuikata, kata habari zangu mimi, uniachie za mwandishi wa barua za zambarau.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Nilifanya kazi katika chuo kimoja cha ualimu huku magharibi mwa Kenya kuanzia 1985 hadi 2016, nikaagwa kwa saa ya ukutani na kadi iliyotiwa sahihi na kila mtu hadi wapishi. Chuo chenyewe sitakitaja. Nakipenda, mshahara wake ndio uliosomesha wanangu, na nitakayoyasema yanafanyika kwingi. Wasomaji wako wengine wataapa ni chuo chao. Watu waliniita Mama Faili. Mwanzoni walikuwa wananicheka, baadaye likawa jina tu, na leo hata wauza mboga wa soko la Luanda, huku Vihiga, wananiita hivyo bila kujua ni faili gani.

Chini ya ngazi za jengo la utawala palikuwa na stoo isiyo na dirisha. Ufunguo wake aliniachia karani aliyenitangulia, akaniambia humo hamna kitu ila makaratasi ya wazungu. Nilikaa mwaka mzima sijaifungua. Siku nilipoifungua nilikuwa natafuta ndoo.

Ndoo niliikosa. Kwenye rafu ya juu palikuwa na rejista ya wanafunzi ya 1927, maana mahali hapo palikuwa shule ya misheni kabla ya kuwa chuo cha walimu. Mende walikuwa wamekula jalada lake pembeni. Nilidhani nitaipangusa vumbi na kuirudisha. Ndani mlikuwa na safu tisa: jina, jina la baba, ukoo, kijiji, chifu, mwaka wa kuzaliwa wa kukisia, tarehe ya kuingia, tarehe ya kuondoka, na sababu ya kuondoka. Safu hiyo ya mwisho ilinikalisha juu ya debe la rangi hadi kengele ya saa nane.

Miaka ya kwanza sababu ni zile zile za siku zote: ugonjwa, karo, kuoa, baba amefariki. Ukifika 1932 mwandiko haujabadilika, lakini sababu imebaki moja. Migodini. Migodini, migodini, kisha alama za kurudia hadi chini ya ukurasa, kwa vile mwandishi alichoka kuliandika neno. Dhahabu ilikuwa imeonekana karibu na Kakamega mwaka wa 1931, wazungu wakamiminika na karai zao, na mwishoni mwa 1932 serikali ikaibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji, ambayo haikuwa imetimiza hata miaka mitatu, ili ardhi ichukuliwe kwa ajili ya migodi bila mwenyewe kupewa nyingine badala yake. Hayo darasani nilifundishwa kwa mistari miwili. Kwenye rejista niliyaona kwa majina ya vijana wa Maragoli na Idakho, kila mmoja na kijiji chake. Wawili kati yao walirudi shuleni mwaka uliofuata, wakaandikwa upya mwishoni mwa orodha, chini ya watoto wadogo. Mbele kidogo Vita vya Pili vya Dunia vinaingia na safu ile inaandika KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki.

Tangu siku hiyo nilikuwa nashinda humo kila Ijumaa baada ya saa tisa. Hakuna aliyenituma. Bursa mmoja aliwahi kuniuliza kama nimeficha pombe huko.

Sitaki kuorodhesha kila kitu, ila daftari la jikoni siwezi kuliruka. Mpishi mkuu wa miaka hiyo hakujua kusoma. Kila Jumamosi alipokea mahindi, maharagwe, chumvi na sabuni, na mbele ya kila mstari akatia dole gumba. Dole hilo linaendelea kwa miaka kumi na mmoja. Katika mwaka wa tano kuna Jumamosi tatu ambazo dole ni la mtu mwingine, jembamba, bila shaka msaidizi wake. Halafu la mpishi linarudi, na sasa lina mstari mweupe unaolikata kutoka pembeni hadi katikati. Kovu. Alijikata, au aliungua, akauguza wiki tatu, akarudi kazini. Jina lake limeandikwa tu kama Mpishi. Nimefanya kazi na faili za maprofesa na wakaguzi, na hakuna ninayemjua kwa karibu kama ninavyolijua dole lile.

Kipenzi changu kilikuwa kifurushi cha barua za wazazi, zipatazo mia mbili, zimefungwa kwa uzi wa katani. Zote za Kiswahili. Mzazi mmoja ni Mlogooli, mwingine Mjaluo wa Seme, mwingine Mnandi wa upande wa Kapsabet, na mkuu wa shule ni mzungu. Wangekutana wapi kama si katika Kiswahili? Wengi wa wazazi hao hawakujua kuandika, na ilinichukua miaka miwili kutambua kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikiona kila Ijumaa. Zaidi ya barua mia moja, za wazazi wa vijiji tofauti, zilikuwa za mkono mmoja. Mkia wa herufi y ulivutwa kushoto kama ndoana. Salamu zilikuwa ndefu zile zile, zikiuliza hali ya mkuu, ya mke wake, ya walimu na ya ng'ombe wa shule. Makosa nayo yale yale: gari aliandika kari, kama wengi wa kwetu wanavyolitamka, kwa hiyo nadhani alikuwa mtu wa kwetu.

Alikuwa mmoja wa wale waandishi wa barua waliokaa na meza ndogo karibu na posta au kwa chifu. Unamweleza shida yako, anaandika, unamlipa senti zako. Barua yake ya kwanza ni ya 1938 na ya mwisho ni ya 1951, na unaweza kumwona akizeeka, kwa sababu mistari inaanza kupanda juu upande wa kulia kama mtu anayeandika na macho yamemchoka. Jina lake hakuliandika popote. Aliyaandika ya wengine. Baba mmoja anaomba karo isubiri mahindi yavunwe. Mwingine anauliza kama kweli mwanawe amefukuzwa au amejifukuza mwenyewe. Mama mmoja mjane anamtumia mkuu kuku wawili, na kumsihi asimwambie shemeji yake kuku wametoka kwa nani. Alitumia penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilowesha inageuka wino. Wazee wataikumbuka, iliwaacha watu na ulimi wa rangi.

Nilipostaafu nilikabidhi ufunguo kwa maandishi, pamoja na orodha ya vyote vilivyomo, rafu kwa rafu. Nakala ya orodha nikabaki nayo.

Halafu 2021 ukafika, cheti cha P1, kile cha walimu wa shule za msingi, kikaondolewa, stashahada ikaingia, na vyuo vya ualimu vikaanza kupanga upya vyumba vyake. Sikupewa habari, na sikuwa na haki ya kupewa. Aprili mwaka huu kijana mmoja wa Sabatia alikuja kwangu kwa bodaboda. Familia yao ina kesi ya urithi wa shamba. Guga yake, yaani babu, ameandikwa kwa majina matatu katika karatasi tatu, na upande wa pili wanasema hao ni watu watatu.

"Senje," akaniambia, yaani shangazi, "nimesikia wewe unajua mahali jina lake liliko."

Nilijua. Orodha yangu ilisema rejista ya pili, 1934 hadi 1941, rafu ya juu, kushoto.

Askari wa langoni alikuwa mgeni, akaniuliza mama unatafuta nani. Kabla sijamjibu nikayaona. Magunia tisa kwenye veranda ya nyuma, yamepangwa chini ya mfereji wa paa uliotoboka, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Stoo yangu ilikuwa imegeuzwa chumba cha mitambo ya intaneti. Magunia yalikuwa yakimngojea mnunuzi wa karatasi kwa kilo. Mengine mawili, mpishi aliniambia kwa sauti ya chini, yalikuwa yameshaingia jikoni kuwashia kuni.

Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mpole, sina ugomvi naye. Alisema, mama, usijali, hayo yote tutayaweka kwenye kompyuta. Nikamuuliza ni yapi. Akasema, hayo. Hayo yalikuwa yanatiririka maji. Nashukuru kwamba alinisikiliza, akaniandikia ruhusa ya kuokoa "yenye manufaa" na kuniachia mimi niamue manufaa ni nini. Wakubwa wengi hawawezi hata hilo.

Nilimpigia simu rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi na nyaraka za serikali. Swali lake la kwanza lilikuwa, zimelowa tangu lini? Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya saa 48. Kama huwezi kuikausha yote kwa muda huo, igandishe. Ikishaganda ukungu hausogei, nawe unapata nafasi ya kukausha kidogo kidogo, hata kwa miezi. Nina miaka 69, nimeshika karatasi maisha yangu yote, na sikuwahi kusikia kwamba rejista inaweza kutunzwa kama nyama.

Basi nikaenda Luanda sokoni kwa mama mmoja anayeuza samaki, mbuta na ngege, kutoka ziwani. Ana friza mbili kubwa za mlalo. Alinitazama mimi, akaitazama wilbaro, akauliza, "Mama Faili, hizi zitanunuliwa na nani?" Nikamwambia stima nitalipa mimi. Tukakubaliana shilingi mia mbili kwa siku, bei ya kunionea huruma. Kila rejista tuliifunga kwa karatasi ya kuokea mikate ili zisigandane, juu yake plastiki mbili, zikapata friza moja nusu nzima na samaki wakahamia upande wa pili. Yule kijana wa Sabatia alisaidia mpaka saa mbili usiku. Wateja walikuwa wakifungua kifuniko kutafuta samaki na kukuta mafurushi meupe, na uvumi uliozuka hapo sokoni kuhusu kilichomo ndani siwezi kuuandika gazetini.

Picha za vioo hazikwenda kwenye friza. Vioo vya picha havigandishwi, vinaweza kupasuka na picha kubanduka. Vilikuwa kumi na vinne katika sanduku la mbao, na kumi na viwili vilikuwa vizima. Nilivisimamisha jikoni kwangu kwenye kichanja cha sahani, kimoja kila mwanya, upande wa picha usiguse kitu. Mjukuu wangu alikuja asubuhi kutafuta kikombe cha chai akakuta wavulana kumi na sita wa darasa la useremala wakimtazama kutoka kwenye kichanja. Kwa vile picha ya kioo hugeuza mwanga, wavulana walikuwa weupe na mwalimu wao mzungu alikuwa mweusi tii. Alicheka hadi chai ikapoa.

Tangu wakati huo kila Jumamosi natoa rejista moja. Naiacha iyeyuke, naifungua kurasa chache chache, natia karatasi nyeupe katikati, naiwekea feni kwa mbali. Gazeti lako nalitumia pia, Mhariri, lakini linakaa chini, kunyonya maji ya mezani. Ukilitia katikati ya kurasa wino wake unahama, na sitaki mjukuu wa mtu aje kumtafuta babu yake akute matokeo ya mpira. Pini na stepla nazing'oa moja moja, maana kutu yake hula karatasi taratibu hadi itoboke. Ukurasa mmoja wenye pini nane unaweza kunimalizia saa nzima.

Barua za zambarau hazikungoja friza. Penseli ile hukaa miaka themanini ikiwa kavu bila kupungua. Ikiguswa na maji inarudi kuwa rangi. Kifurushi kizima kilikuwa bonge moja la rangi ya maua ya mjakaranda, na nilipoliinua maji ya zambarau yakanishukia hadi kwenye viwiko. Nililifungua tabaka kwa tabaka kwa kisu cha siagi. Kati ya mia mbili nimepata kumi na saba, na katika hizo saba tu ndizo zinazosomeka mwanzo hadi mwisho. Ya yule mjane wa kuku haimo. Naikumbuka kichwani, na mimi si hifadhi ya nyaraka. Mwaka jana nilisahau birika jikoni likaungua.

Guga wa yule kijana tulimpata. Jina, jina la baba, ukoo, kijiji, na juu ya jina, kwa wino mwingine, jina la ubatizo aliloongezewa miaka miwili baadaye. Majina mawili kati ya yale matatu yamekaa kwenye mstari mmoja. Chuo kilimpa nakala yenye mhuri. Mahakama haijaamua.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Sisi Wakenya tunapenda kusema wazungu walituficha karatasi zetu, na ni kweli. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Hanslope Park, kituo chake cha siri huko kwao, ilikuwa na maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake, yapatayo 1,500 yakiwa ya Kenya. Yaliingia katika kesi ya wazee wa Mau Mau, na 2013 Waingereza wakakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228. Kwa hiyo tunajua vizuri sana karatasi kuukuu inaweza kufanya nini. Lakini aliyewashia jiko la chuo kwa magunia mawili hakutoka London.

Na huku mashambani ndiko nakala nyingi zilikobaki. Kisumu na nchi yote hii mpaka Naivasha zilikuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, kwa hiyo anayetaka karatasi za kwanza za serikali kuhusu Kisumu aanzie upande wa Uganda. Mwaka 1939 moto ukateketeza nyaraka nyingi za Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, pale Nairobi. Mtafiti wa miaka ile hana budi kushuka kwenye ofisi za wilaya, makanisa na shule, kutafuta nakala iliyotumwa huku. Akishuka, anatukuta tumeiwekea chini ya mfereji.

Mjukuu wangu, huyo wa kichanja, alinitafutia kwenye simu vyuo vya nje vinavyohifadhi mambo ya kwetu. Wamishonari wa kanisa la Friends, yaani Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na Earlham, chuo cha Friends mjini Richmond, Indiana, kina mkusanyiko maalumu wa vitabu na nyaraka za kanisa hilo. Nyaraka za CMS, wamishonari wa Kianglikana waliojenga shule ya Maseno, zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Chuo Kikuu cha Syracuse, kule New York, kina maikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa kwenye filamu, za nyaraka za serikali yetu, na mwanafunzi wa huko anaweza kusoma ripoti za North Kavirondo, jina la kikoloni la wilaya yetu, bila kupanda ndege. Sioni wivu. Waliandikiwa barua, wakazitunza. Utaratibu wa vyumba vyao vya kusomea nyaraka unafanana: unaweka begi nje, unaosha mikono, unaandika kwa penseli, unaletewa sanduku moja baada ya jingine, na kila sanduku lina orodha. Nilipouona utaratibu huo nilifurahi, kwa sababu orodha yangu ya rafu kwa rafu ilikuwa karibu sawa na yao. Ila dole gumba la mpishi haliko Indiana. Lilikuwa hapa peke yake.

Mwezi uliopita chuo, nitoe sifa panapostahili, kilinipa alasiri moja na darasa la wanafunzi wa stashahada. Niliwawekea mezani rejista mbili zilizokauka, daftari la jikoni, vioo vitatu juu ya kitambaa cheupe, na kitabu cha ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha. Msichana mmoja alikuja na glavu nyeupe kama alivyoona kwenye filamu. Nikamwambia azivue, kwa karatasi, mikono iliyooshwa ikakauka ni bora, glavu hazihisi ukurasa na zinaurarua. Azivae akishika picha. Walianza kwa uvivu, simu mkononi. Kisha mmoja akasoma kwa sauti alichoandika mkaguzi kuhusu mwanafunzi wa 1953: kwamba anaandika ubaoni huku amewapa watoto mgongo, na anajijibu maswali yake mwenyewe. Darasa zima likageuka kumtazama kijana mmoja wa safu ya nyuma. Kumbe mwalimu wao alimwambia maneno hayo hayo wiki iliyotangulia. Baada ya hapo sikuweza kuwaondoa. Wawili walitafuta koo zao. Mmoja kutoka Hamisi alimpata mtu wa ukoo wake katika safu ya migodini, akanyamaza, akapiga picha mstari ule mmoja tu, si ukurasa.

Siombi jengo. Sheria ya nyaraka za taifa ipo tangu 1965, hifadhi ya taifa ina ofisi hadi Kakamega, Kisumu na Nakuru, na nyaraka za umma haziharibiwi bila idhini ya mkurugenzi wake. Kabla ya kumwita mnunuzi wa kilo, mkuu wa chuo anaweza kuiandikia ofisi hiyo barua ya mistari minne. Mimi niko tayari kumpigia chapa bure. Na ndani ya chuo chenyewe panatosha chumba kimoja ambacho bomba halipiti juu yake, rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa na mafuriko, pazia dirishani, meza, na karani mwenye orodha, siku mbili kwa wiki. Wazee wa vijijini wataingia. Mawakili pia wataingia, najua, na hao watozwe.

Wanaosema kompyuta itamaliza yote nawaambia wapige picha, waanze leo, nitawashikia kurasa. Lakini picha zikishapigwa mtu asije akasema karatasi sasa ni takataka. Nimeona mashine tatu za chuo zikifa na vyote vilivyokuwa ndani yake, na rejista ya 1927 imelowa, imeganda, imekauka, na bado inasomeka.

Wala sisemi kila kitu kifunguliwe. Kuna orodha ya wanafunzi waliorudishwa nyumbani kwa ukoma, na wajukuu wao tunasali nao kanisa moja. Sheria ya kulinda data ya 2019 huenda haiwafikii waliokwisha kufa, lakini aibu hairithiwi kwa kufuata sheria. Hiyo nimeitia kwenye bahasha na kuandika juu yake isifunguliwe bila kumuuliza mkuu. Kitabu cha adhabu nacho nimekifunga kwa kamba. Sitakionyesha kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kwetu ambaye kila tukikutana ananiuliza kama kiliungua, kwa vile anajua kabisa jina lake limo.

Rejista tatu bado zimeganda. Mwenye friza amenipa hadi mwisho wa Novemba, maana Desemba watu wa Nairobi wanarudi nyumbani na nafasi ya samaki haipatikani. Nitazimaliza. Ila kuna jambo moja ambalo friza haiwezi kunisaidia, ndiyo maana nimekuomba usiikate sehemu hiyo. Kama kuna msomaji wako mwenye miaka tisini au zaidi, au aliyekaa na mzee wa umri huo, anayemkumbuka mwandishi wa barua aliyekuwa na meza yake huku kwetu kati ya 1938 na 1951, akiandika kwa penseli ya zambarau, mkia wa y umevutwa kushoto, gari akiliandika kari, aniandikie kupitia kwako. Nataka jina lake. Nimeacha nafasi ya kuliandika juu ya kifurushi.

Mama Faili,
Luanda, Kaunti ya Vihiga